Shahidi wa Mama wa Ukutani

Mwaka jana nilirudi nyumbani Songea nikiwa na mimba ya miezi mitano. Mama yangu, ambaye hajawahi kuniamini katika jambo lolote la afya, akanisindikiza mwenyewe hadi zahanati ya mtaani kwetu ili ahakikishe kwamba nimepimwa kweli. Tuliketi barazani kwenye benchi kusubiri zamu. Ukuta wa nyuma yetu umepakwa rangi ya mafuta ya bluu mpaka usawa wa kichwa, na juu yake mtu ameandika kwa herufi nyekundu: MARUFUKU KUEGEMEA UKUTA. MARUFUKU KUCHAFUA UKUTA. Nikageuka kumtazama mama. Yeye akawa anatazama milima ya Matogoro, kana kwamba imeota asubuhi ileile. Nikajua naye amekumbuka.

Ngoja nikusimulie, rafiki yangu, maana jambo hili nimelibeba muda mrefu. Lakini kwanza ujue unayeongea naye. Mimi ni mtu wa shaka. Buchani macho yangu huwa kwenye mizani, si kwenye nyama. Mume wangu akisema amecheleweshwa na mvua, nagusa koti lake nione kama limelowa. Nikisikia mtu anaapa, ndipo naanza kumchunguza. Wanaonifahamu wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Ugonjwa huu niliupata nikiwa darasa la nne, mbele ya ukuta huu.

Mtaa wetu wakati ule ulikuwa na barabara ya vumbi jekundu, migomba nyuma ya nyumba, na baridi ya mwezi wa sita iliyokufanya uombe mwenyewe kazi ya kuchochea moto. Alfajiri adhana ya msikiti mdogo ilitangulia na kengele ya kanisa ikafuata, kwa hiyo hakuna mtoto aliyeweza kudai kwamba hakusikia kumekucha. Kabla ya shule nilichota maji bombani ndoo mbili, nikafagia uwanja, nikanywa uji. Mchana mtaa mzima ulinukia maharage yanayochemka na dagaa wa Nyasa wanaokaangwa. Wengi wetu tulikuwa Wakatoliki wa hapohapo, na wazee wetu wamezikwa hapo. Wachache walikuja na kazi zao kutoka mbali: walimu, makarani, na mwenye duka aliyetoka Nakapanya, kule Tunduru, pamoja na mkewe na binti yao mmoja.

Duka lake lilitazamana na zahanati. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, na ukitumwa chumvi kwake ulirudi na korosho tatu za kukaanga kiganjani. Hazikuwa mbili wala nne, zilikuwa tatu, na hakuwahi kukosea. Kwenye ukuta wa duka alikuwa amechorewa ng'ombe mweupe na birika linalotoa moshi, na sisi watoto tulibishana miaka yote kama maziwa ya birika lile ni ya ng'ombe yule. Binti yake alikaa nami dawati moja. Alikuwa rafiki yangu. Liweke neno hilo moyoni.

Zahanati tuliijenga wenyewe. Nasema tuliijenga kwa sababu hata mimi nilibeba matofali, mawili mawili kichwani, kila Jumamosi, huku nikinung'unika. Ilipokaribia kufunguliwa, na ikasemekana mgeni mkubwa atakuja kukata utepe, kamati ya ujenzi iliona ukuta wa barazani ni mtupu mno. Kamati ile ilikuwa na wanaume saba. Wakaamua iwekwe sanamu ya mama na mtoto, na kazi apewe bibi mfinyanzi wa kule bondeni, ambaye vyungu vyake havikuwa na mpinzani. Wakamsisitizia atumie udongo wake uleule wa vyungu, ule wa kijivu aliouchimba kando ya kijito, kwa sababu ndio bora. Wakamwonyesha na mahali: hapa, juu ya benchi wanapokaa wajawazito siku ya kliniki.

Bibi mfinyanzi alipoonyeshwa mahali hapo alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwepo, nimeshika tofali. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti wa mtaa, akamwuliza anacheka nini. Bibi akajifuta macho kwa pindo la kanga akasema, "Nafurahi tu, wanangu. Mmechagua pazuri." Hakuna aliyemwuliza zaidi, na wazee wetu wamesema kuuliza si ujinga.

Alifanya kazi ile kama anavyofinyanga chungu. Alipigilia vijiti ukutani, akavifunga kamba za katani ili udongo upate pa kushika, kisha akaanza kuubandika tonge kwa tonge, akiupiga kwa kiganja. Tulitoka shule tukakimbilia kumtazama. Polepole akatokea mama aliyeketi, mkubwa kama mtu kweli, amempakata mtoto, na chungu kando yake. Kanga yake bibi aliitia nakshi kwa kuviringisha gunzi la hindi juu ya udongo mbichi, ikawa na vitone vingi vilivyopangana. Akaung'arisha uso kwa kokoto laini ya mtoni. Mwishoni kabisa akatoa kimguu cha mtoto nje ya kanga, kimguu kimoja, na vidole vitano vya mviringo kama kunde. Moto sanamu ile haikuuona, maana utachomaje ukuta? Bibi alituambia paa la baraza litaikinga na mvua, na hilo lilikuwa kweli.

Tulimpenda. Tulimwita Mama wa Ukutani, na tukipita asubuhi tulimwamkia shikamoo, kisha tukajiitikia marahaba wenyewe. Mgeni mkubwa alipokuja alisimama mbele yake kitambo, akasema hajaona kitu kama hiki hata huko alikotoka. Wanaume saba wa kamati walitembea wiki nzima wamenyoosha vifua.

Haukupita mwezi kikapotea kidole cha mkono wa kulia. Baadaye kidole cha pili. Halafu mdomo wa chungu ukaliwa pembeni, halafu pindo la kanga. Hakikuwa kitu cha kudondoka, maana chini hukukuta hata kipande. Ilionekana wazi mtu anakwangua, kidogo kidogo, kwa makusudi. Na kuanzia hapo, rafiki yangu, mtaa wetu ulioazimana moto na chumvi ukaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Kwanza tulilaumiwa watoto. Mwalimu mkuu alitupanga mstari akakagua kucha, akakuta nusu ya shule ina udongo kwenye kucha, kwa sababu tulikuwa tumetoka kulima bustani yake. Tulichapwa hata hivyo. Kisha ikasemwa ni waganga, kwamba kuna mtu anachukua vumbi la Mama wa Ukutani kutengenezea dawa ya mvuto. Wanawake wawili waliokuwa wakisukana nywele tangu utoto wakaacha kusukana. Nesi wa zahanati, mama mkali aliyewafokea wajawazito mbele ya waume zao kama anafukuza kuku, alisema akimkamata mhusika atamdunga sindano ya ng'ombe. Mwishowe mwenyekiti akaweka mgambo alinde baraza kila usiku, na mgambo akalinda, kadiri pombe ya komoni ilivyomruhusu. Lakini Mama wa Ukutani aliendelea kupungua. Kiwiko kilikwenda. Sikio likafuata.

Mimi mwenyewe nikaamua kumtafuta mhusika. Nilitenga kurasa za nyuma za daftari la Sayansi, nikachora sanamu, na kila asubuhi nikienda shule niliweka alama mahali palipokwanguliwa. Baada ya majuma matatu nikaona kitu: alama mpya zote zilikuwa za Ijumaa. Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi, hakuna kitu. Ijumaa asubuhi, shimo jipya.

Sikiliza sasa nilivyofikiri, ucheke ukitaka. Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, lakini mimi Alhamisi mchana nilikwenda parokiani kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza, upande mwingine kabisa, na jioni nilirudi kwa njia ya bombani. Kwa hiyo kilichofanyika Alhamisi mimi nilikikuta Ijumaa, nikakiita cha Ijumaa. Na Ijumaa ilikuwa siku ya nani? Mgambo, ambaye alikuwa amechoka kuulizwa analinda nini, alikuwa ameshaanza kunong'ona kilabuni: "Wale wa kule Tunduru, dini yao haitaki masanamu. Mimi sisemi kitu. Natazama tu." Nilisikia nikiwa nimetumwa machicha ya pombe ya kulishia nguruwe. Nikaunganisha.

Ijumaa iliyofuata niliwahi kuamka. Jua lilikuwa limetoka, umande bado uko kwenye majani. Nikajibanza kwenye kona ya tangi la maji la zahanati. Mwenye duka akavuka barabara, ana kanzu yake nyeupe tayari, kopo mkononi. Akatazama kushoto na kulia. Akapanda benchi, akaweka mkono wake juu ya bega la Mama wa Ukutani, na mkono ule ulikuwa na udongo hadi kwenye kifundo. Sikungoja kuona zaidi. Nilikimbia hadi kwa mwenyekiti nikiwa na furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nataka kujizaba kofi.

Mkutano uliitishwa Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa upande mmoja kwenye madawati, wanawake upande wa pili kwenye nyasi, wengi wao miguu imenyooshwa kwa sababu ya matumbo. Mama yangu alikuwa mmoja wao, mdogo wangu alikuwa njiani. Mke wa mwenye duka alikaa nyuma kabisa, amejitanda ushungi, naye alikuwa na mimba. Mwenyekiti akaniita mbele.

"Mtoto, usiogope. Sema ulichoona."

"Nilimwona mzee wa duka. Mkono wake ulikuwa juu ya Mama. Ulikuwa na udongo."

Watu waliguna. Mwenye duka akasimama, kofia mkononi. "Mtoto amesema kweli," alisema. "Lakini nilikuwa naziba, jamani. Wallahi nilikuwa naziba. Udongo nilipewa na bibi, yupo hapa, muulizeni."

Bibi mfinyanzi akasema ni kweli, alimpa tonge la udongo Alhamisi jioni. Ungedhani hapo shauri limekwisha. Lakini mgambo aliruka juu: "Nani anaziba asichobomoa? Mimi kwangu panavuja, jirani hajawahi kuja kuziba!" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomhukumu. Bibi hakucheka. Aligeuka akawatazama wanawake waliokaa kwenye nyasi, mmoja mmoja, kama anayengoja mtu ainue mkono. Hakuna aliyeinua hata kichwa. Mama yangu alikuwa anachezea jani.

"Haya," mwenyekiti akasema, "nani alikutuma uzibe?"

Mwenye duka akatazama kule nyuma, upande wa wanawake, kwa muda mfupi tu. Kisha akavaa kofia yake. "Nafsi yangu," akasema.

Hakufukuzwa, na hakuna aliyempiga. Kwetu mtu hafukuzwi. Watu waliacha tu kununua. Ukitumwa sabuni uliambiwa upite mpaka duka la kule juu, hata kama mvua inanyesha. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima akanisifu kwa kulinda mali ya umma, akanipa kalamu mpya. Binti wa mwenye duka alihamisha mkoba wake kutoka dawati letu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kweli ulimwona baba akibomoa?" Nikamjibu, "Nilimwona." Sikusema nilimwona akifanya nini.

Siku chache baadaye duka lile liliamka limepakwa oili chafu ya gari. Ng'ombe alikuwa mweusi kichwa mpaka mkia, na birika halikuonekana kabisa. Ile nayo ilikuwa picha, na mtu aliiharibu makusudi, na kila mpita njia aliiona. Mkutano haukuitishwa. Hakuna aliyekagua kucha za mtu. Mwenye duka alijaribu kusugua kwa mafuta ya taa na mchanga mpaka mikono ikachubuka, akaacha.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kijitoni nikifua nguo za nyumbani. Nikafika kwenye kanga ya mama, ile aliyovaa kliniki. Pembeni palikuwa na fundo. Nikadhani ni hela ya chumvi, nikalifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha udongo wa kijivu, kikavu, ukubwa wa kidole gumba, na juu yake vitone vimejipanga safi. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye asingeijua nakshi ile ya gunzi.

Nilirudi nyumbani mbio, nguo nimeziacha majini. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamfunulia kiganja. Hakushtuka, na hakukana. Alikichukua kipande kile, akakipuliza vumbi, akakitia mdomoni, akatafuna huku ananitazama. Nilisikia kinavyosagika. Nadhani hata wewe umeona wajawazito wanavyotamani udongo, wengine hununua ule wa sokoni, wengine hubanjua kichuguu. Lakini udongo wa bibi mfinyanzi, mama aliniambia, ndio mtamu kuliko wote, una harufu ya mvua ya kwanza, na wanawake wa mtaa ule walikuwa wakiufuata bondeni tangu enzi za bibi zao. Kisha wanaume saba wakauchukua, wakaubandika ukutani, nyuma ya migongo ya wajawazito ishirini, kila Alhamisi, asubuhi hadi mchana.

"Tungefanyaje?" mama akasema. "Unakaa pale masaa matatu, manne. Harufu inakujia shingoni. Unapeleka mkono nyuma."

"Wote?"

"Wote. Mke wa mwenyekiti ndiye aliyeanza na kidole."

Nilimwambia basi twende tukaseme, mzee wa duka anaonewa. Mama akaweka ungo chini. Akasema nesi ameapa kumtangaza kwa mumewe kila atakayemkuta anakula udongo. Akasema nikitaja mmoja nitakuwa nimewataja wote. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia kichwani maisha yangu yote: "Mambo ya tumboni hayapelekwi mkutanoni."

Nikanyamaza. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilinyamaza kwa sababu ya kumtii mama. Si kweli, na wewe nakwambia. Nilinyamaza kwa sababu ya ile kalamu. Nilikuwa mtoto aliyesifiwa mbele ya shule nzima, na sikutaka kurudi kuwa mtoto wa kuchota maji.

Mwenye duka aliondoka na lori la mahindi lililokuwa linakwenda Tunduru. Asubuhi ile ndipo niliona kitu cha ajabu. Wanawake walianza kujitokeza mmoja mmoja, wenye matumbo, na mizigo: huyu debe la maharage, huyu mkungu wa ndizi, huyu kuku amefungwa miguu. Mama yangu alipeleka kanga yake mpya. Waliviweka karibu na gurudumu la lori, na mke wa mwenye duka alipokea kila kimoja kwa mikono miwili. Waume zao walishangaa: mwizi anaagwa hivi? Binti yao alikaa juu ya magunia, ananitazama. Nilimpungia mkono, wake akauacha pajani.

Walipokwisha kuondoka watu walienda kumwona Mama wa Ukutani, wakakuta kimguu cha mtoto hakipo. Kilikuwa kimekatwa vizuri kwenye kifundo, siyo kukwanguliwa. "Mnaona sasa!" mgambo alisema. "Amemalizia kwa chuki." Na watu wakaridhika. Cha kuchekesha ni kwamba Mama aliendelea kupungua. Alhamisi zilikuja na kwenda, bega likaisha, uso ukaisha, mwenye duka yuko mbali, na sasa hakuna aliyeuliza. Wanaume wakaona haya kuuliza, nadhani, kwa sababu jibu lingewarudia. Ilipobaki vijiti na kamba za katani, wakapiga plasta ya saruji. Bibi mfinyanzi alifariki mwaka uliofuata, na udongo wa kijito kile ulifunikwa watu walipojenga mpaka bondeni.

Hayo ndiyo yaliyopita kichwani mwangu mwaka jana pale kwenye benchi. Nikamwuliza mama kwa sauti ndogo alikula kiasi gani. Akaendelea kutazama Matogoro. "Kiwiko," akasema. "Na sikio, nusu. Na kile kipande cha kanga." Nikamwuliza kama anajua alipo yule mama wa duka. Kumbe miaka yote alijua. Alikuwa akiulizia kwa wasafiri. Nilimwambia twende pamoja, akakataa: "Nitamtazamaje?"

Nikaenda peke yangu. Zamani safari ile iliweza kukumeza siku mbili za matope, sasa ni lami tupu, basi linateleza, na ukishapita Tunduru mikorosho inakupokea pande zote. Nakapanya niliuliza mara moja tu nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa barazani kwake, amezeeka vizuri, anabangua korosho. Nikapiga goti nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanitazama uso, kisha tumbo, kisha uso tena.

"Wewe ni yule mtoto shahidi," alisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Songea. Badala yake nikamwuliza mzee yuko wapi, akanyanyua mkono kuelekea makaburini. Miaka sita sasa. Nikaanza kulia, na katika kulia nikamwambia yote: kwamba niliona kipande kwenye kanga ya mama, kwamba nilijua kabla hawajaondoka, kwamba nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Aliniacha nilie mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, "Nani alimtuma akazibe, unadhani?"

Sikuelewa. Akajipiga kifuani. Yeye naye alikaa kwenye benchi lile kila Alhamisi. Yeye naye alipeleka mkono nyuma. Mgeni, mwenye haya, alikuwa wa mwisho kuanza, na siku aliyokwangua bega aliingiwa na woga, akasema moyoni hawa wenyeji wakigundua watasema ni sisi. Akamwomba mumewe akazibe palipotoboka, bila kumwambia kwa nini. Mumewe hakuuliza. Na mkutanoni, alipoulizwa ametumwa na nani, alisema nafsi yangu.

"Nilitaka kusimama," alisema. "Nikawatazama wenzangu. Nikaona nikisimama mimi, wao wanaanguka. Nao walikuwa wamenifundisha kula." Alimwambia mumewe ukweli ndani ya lori, siku ya pili njiani. Mumewe alicheka mpaka dereva akageuka. Alisema, "Wangeniambia tu! Ningewaletea gunia zima la udongo wa kwetu, waache ukuta." Na hakumtuma mtu kupeleka habari Songea, kwa sababu alisema wana aibu ya kutosha.

Kisha mama yule aliingia ndani akatoka na kitambaa. Ilikuwa kanga, kipande cha ile aliyopewa na mama yangu, imechakaa. Akaifungua mapajani. Ndani mlikuwa na kimguu, vidole vitano, mviringo kama kunde. Alikikata mwenyewe kwa kisu asubuhi ya kuondoka, akitaka abaki na kitu cha wenzake. Alikuwa amekitunza kuliko hata picha ya arusi.

Nilikitazama. Kilikuwa kizuri kuliko nilivyokumbuka. Hicho tu ndicho kilichobaki duniani cha Mama wa Ukutani, cha bibi na kokoto yake, cha kijito, cha Alhamisi zote zile. Harufu ikanifikia, harufu ya mvua ya kwanza, na mate yakanijaa mdomoni bila ruhusa yangu. Nilifunga midomo. Lakini yule mama alizaa watoto wanne, huwezi kumficha.

"Unatamani," alisema.

"Hapana, mama. Hicho hakiliwi."

"Uliwahi kusema uongo mkubwa kuliko huo, ukaaminiwa." Akacheka, na mimi, machozi bado yananitoka, nikacheka. Akakivunja katikati kwa vidole vyake vya kubangulia korosho, sauti ndogo kama ya fito kavu. Kisigino akatia mdomoni mwake. Vidole akaniwekea kiganjani.

Tulikaa pale barazani tukitafuna mpaka kikaisha. Kwa hiyo ukisikia mtu anauliza ni nani hasa alimmaliza Mama wa Ukutani wa Songea, usimhangaishe tena mzee wa watu kaburini. Mwambie ni yule shahidi.